Mto Msimbazi unaanzia Pugu, mashabiki twendeni tukaujue

LIGI ikisimama kupisha kalenda ya FIFA, shabiki wa soka wa Dar es Salaam huwa kama mtu aliyefiwa. Jumamosi hana pa kwenda. Kwa Mkapa kumefungwa, Chamazi kimya, na kibanda umiza kinarudia mechi ambayo matokeo yake hata mtoto wa chekechea anayajua. Anaishia kijiweni, anabishana na mtani wake kuhusu penalti ya misimu mitatu iliyopita, soda mkononi, chipsi mayai mezani, na kitambi kinakua kama deni la klabu.

Sisi tunaona wikiendi hizo zina kazi nzuri zaidi. Kazi yenyewe ni kutembea. Hatusemi kuzunguka Kariakoo kutafuta jezi mpya. Tunasema kuingia porini kwa miguu, siku moja tu, asubuhi unaondoka na jioni unarudi kwako. Jiji hili lenye watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022 lina msitu mlangoni, na wengi wetu hatujawahi kuukanyaga.

Tunazungumzia vilima vya Pugu, kule Kisarawe, mkoani Pwani. Ni kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji. Unapanda daladala hadi Gongo la Mboto, unaunganisha ya Kisarawe, na nauli ya kwenda na kurudi haifiki hata bei ya jezi feki. Pale kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ni zaidi ya hekta 7,000 za msitu wa pwani, na humo ndani kuna njia za kutembea kwa miguu.

Najua mtu atauliza: haya mambo ya misitu yanaingiaje kwenye ukurasa wa michezo? Si yapelekwe kwenye kurasa za mazingira huko? Hapana. Yanaingia hapa kuliko yanavyoingia kwingine kokote, na tutaeleza.

Msimbazi na Jangwani

Mashabiki wa Simba wanajiita Wekundu wa Msimbazi. Wa Yanga wanaitwa watoto wa Jangwani. Majina haya tunayataja kila siku, tunayaimba, tunayatania. Wangapi wetu wanajua kwamba Msimbazi, kabla ya kuwa mtaa wa Kariakoo yalipo makao makuu ya Simba, ni mto? Na kwamba mto huo unapata chanzo chake huko huko kwenye vilima vya Pugu, unateremka kama kilomita 35 ukipita kwenye mabonde ya jiji, unapokea mito midogo njiani, unatambaa Jangwani jirani kabisa na makao makuu ya Yanga, halafu unaingia baharini karibu na Daraja la Selander?

Kwa maneno mengine, utani wa jadi unaotugawa kila msimu umelala kwenye bonde la mto mmoja. Aliye juu anayekata mti Pugu anamchafulia Mnyama na Mwananchi kwa pamoja.

Mafuriko ya Jangwani hayahitaji shahidi. Uwanja wa Kaunda, pale kwenye makao makuu ya Yanga, umegeuka bwawa mara nyingi. Barabara ya Morogoro imefungwa pale bondeni, mabasi ya mwendokasi yamesimama, watu wamekwama pande mbili. Hilo ndilo dogo. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40. Wapo waliokuwa wakiishi mabondeni na hawakupata hata muda wa kubeba godoro. Ndiyo maana Serikali kwa mkopo na msaada wa Benki ya Dunia imeingia kwenye mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, na kaya nyingi zimelipwa zihame.

Tuseme ukweli, msitu peke yake hauzuii mafuriko. Kuna taka tunazotupa kwenye mifereji, kuna nyumba zilizojengwa mkondoni, kuna kokoto na lami ambazo hazinywi maji. Lakini kilima kikiwa kipara, mvua haina wa kuikaba. Ni kama timu isiyo na kiungo mkabaji: kila shambulizi linafika moja kwa moja kwa kipa. Maji yanashuka na mchanga wake, mchanga unajaza mto, mto unapoteza kina, na mvua ya saa mbili inatosha kuleta msiba. Miti ya Pugu ndiyo kiungo mkabaji wetu. Tukiiacha iishe, tusimlaumu kipa.

Na inaisha. Kwa miaka mingi msitu wa Pugu na wa Kazimzumbwi umeliwa na mkaa, uchanaji wa mbao na watu kujikatia viwanja. Mkaa huo hauli mtu wa Kisarawe peke yake. Gunia linateremka mjini, linapikia chipsi zile zile tunazokula wakati wa mapumziko ya mechi. Kwa hiyo shabiki wa Temeke, wa Manzese na wa Tabata ana mkono wake humo, ajue asijue.

Watu hawalindi kitu wasichokijua. Sisi mashabiki ndio mfano hai wa hilo. Shabiki anailinda klabu yake kwa sababu ameingia uwanjani, amelia, amecheka, amenyeshewa mvua jukwaani. Aliyetembea Pugu mara tatu ndiye atakayepiga kelele siku akisikia sehemu ya msitu imemegwa. Asiyefika huko atasoma habari hiyo kwa sekunde tano na kurudi kwenye tetesi za usajili.

Kiungo anakimbia, wewe umekaa

Sababu ya pili ni mwili wako mwenyewe. Kiungo wa kisasa hukimbia kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja. Akichoka dakika ya 70, sisi jukwaani tunamwita mvivu, tunadai atolewe. Haya, msomaji wetu, wewe mara ya mwisho kutembea kilomita 10 ni lini? Hatujasema kukimbia. Kutembea tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea haraka haraka kunahesabika. Dakika 150 ni pungufu ya mechi mbili kamili, ambazo ni dakika 180. Kuna shabiki anaangalia mechi sita kwa wikiendi moja, za hapa na za Ulaya, akiwa kwenye kiti cha plastiki. Muda anao. Ni matumizi tu.

Kila mmoja wetu ana ndugu, rafiki au jirani mwenye presha au kisukari. Siku hizi hayo si magonjwa ya wazee tena. Tumezika mashabiki wenzetu waliokuwa wa kwanza kufika uwanjani na wa mwisho kuondoka, watu wa miaka arobaini na kitu. Vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam, ambavyo kila Jumapili alfajiri vinapita mitaani na nyimbo zao, vimefanya kazi kubwa ambayo haijapata sifa inayostahili. Tunavipongeza. Lakini lami ni ngumu kwa magoti, magari ni hatari, na kuna watu ambao kukimbia kumewashinda. Kutembea msituni kunampokea kila mtu: mama wa watoto watatu, mzee wa miaka 65, bonge anayeona aibu kuvaa bukta mtaani.

Vilima vyenyewe havitishi. Ni vya mita mia mbili hadi mia tatu tu kutoka usawa wa bahari. Kuna kupanda na kuteremka kwa kutosha kumkumbusha mtu kwamba ana mapafu, lakini hakuna haja ya kamba wala mtungi wa oksijeni. Kilomita nane hadi kumi, kwa mwendo wa mazungumzo na mapumziko mawili, ni asubuhi moja.

Utaona nini huko

Msitu wa Pugu ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, na una viumbe ambao sehemu nyingine duniani hawapo au wamebaki kiduchu. Mmoja ni komba mdogo wa Rondo. Uzito wake ni kama gramu 60, sawa na yai la kuku. Mpira unaochezewa ligi una gramu 410 hadi 450, yaani mpira mmoja ni sawa na komba saba. Amewahi kuwekwa kwenye orodha ya jamii 25 za nyani, tumbili na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Hutamwona mchana, maana yeye zamu yake ni usiku. Ila kujua kwamba umepita chini ya mti wake, kilomita 30 kutoka Posta, ni jambo la kujivunia.

Kuna mapango yaliyoachwa na uchimbaji wa udongo mweupe wa kaolini, sasa ni makao ya popo. Kuna bwawa la Minaki. Kuna sehemu unapanda, unageuka, unaliona jiji kwa mbali na unashangaa kwamba makelele yote yale yanatoka kwenye kitu kidogo vile.

Na kuna historia. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akifundisha Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, alipoingia kwenye harakati za TANU, na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa. Wazee wanasimulia jinsi alivyokuwa akitembea kutoka Pugu kwenda mjini kwenye mikutano. Mwalimu hakuogopa kutembea: mwaka 1967 alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Benjamin Mkapa, ambaye jina lake liko kwenye uwanja wetu wa watu 60,000, naye alisoma hapo hapo Pugu. Kwa hiyo anayesema "naenda kwa Mkapa" anaweza siku moja kwenda pia kwa Mkapa wa ujana.

Atakayeonja Pugu akaipenda, tunamwongezea ya ugenini. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na safari ni chini ya saa mbili. Ukiwahi treni ya asubuhi unaweza kupanda milima ya Uluguru kuelekea Morningside au maporomoko ya Choma, ukashuka, ukala ndizi, na usiku ukalala kwako Mbagala. Uluguru nako tuna hisa: mto Ruvu, unaotunywesha sisi wa Dar, unaanzia kule.

Ratiba ya mechi yenyewe

Wengi hawaendi kwa sababu hawajui waanzie wapi. Tuwape maelekezo kama ya benchi la ufundi.

Kwanza, muda. Ondoka nyumbani saa 12 asubuhi, uwe msituni kabla ya saa 2, na umalize kabla jua la saa 8 mchana halijakukaanga. Ukirudi bado unawahi mechi ya saa 1 usiku.

Pili, msimu. Masika ya Machi hadi Mei njia ni tope na utelezi. Juni hadi Septemba ndiyo safi, kuna kijibaridi na kukavu. Tena Juni na Julai ni kipindi cha usajili, ambacho shabiki hana kazi nyingine zaidi ya kusubiri picha ya mchezaji akishuka uwanja wa ndege.

Tatu, vifaa. Maji lita mbili kwa kila mtu. Raba zenye meno, si yeboyebo. Suruali ndefu na soksi, maana kuna upupu, kupe na nyoka. Kofia. Chakula cha kubeba, na mfuko wa kurudishia taka zako zote. Plasta na dawa ya maumivu kwa kila kundi. Simu iliyojaa chaji.

Nne, pita getini. Lipa kiingilio, jiandikishe, chukua mwongoza njia. Tunajua ugonjwa wetu wa kupenda kuingia bure, wa kuruka ukuta, wa "mimi namjua meneja". Msituni ugonjwa huo unaweza kukupoteza. Mwongoza njia anajua wapi pa kupita na wapi pa kuacha, na ile hela yake ndiyo inayomfanya kijana wa Kisarawe aone mti uliosimama una faida kuliko gunia la mkaa.

Tano, usiende peke yako. Hili tunalisema hasa kwa dada zetu, mashabiki wa Simba Queens na Yanga Princess, ambao wanatuambia wazi kwamba wanaogopa maeneo yasiyo na watu. Wana haki ya kuogopa. Jibu si kuwaambia wabaki nyumbani. Jibu ni kwenda kwa kundi la watu wanaofahamiana, wenye kiongozi na orodha ya majina, wanaohesabiana wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Sita, na hapa tusikilizane vizuri: msitu si uwanja. Vuvuzela ibaki nyumbani. Spika ya muziki ibaki nyumbani. Kundi lisizidi watu 25 au 30. Hakuna kuwasha moto wa mishkaki kiangazi, hakuna kuchonga jina la klabu kwenye gome la mti. Tukipeleka watu elfu mbili kwa siku moja kama tunavyokwenda kwenye mechi ya watani, tutakuwa tumeumaliza msitu haraka kuliko wachoma mkaa.

Najua pia kuna wajanja watacheka. Katika soka letu ukisikia timu imeingia msituni kabla ya mechi kubwa, akili haiwazi mazoezi. Safari hii hakuna kamati ya ufundi ya gizani. Ni wewe, miguu yako na maji yako.

Klabu na TFS, mpira uko kwenu

Tunayasema haya kwa mashabiki, ila wenye mamlaka tunawaona.

Simba na Yanga zina matawi kila kona ya jiji. Kila tawi lina mwenyekiti, katibu, mhamasishaji na kundi la WhatsApp lenye kelele usiku kucha. Huo ni mfumo ambao taasisi nyingi zingeutamani. Kila mwaka kuelekea Simba Day na Wiki ya Mwananchi, mashabiki huchangia damu, hutembelea hospitali, hufanya usafi. Tunashauri ziongezwe safari za Pugu, kidogo kidogo, tawi kwa tawi. Na kwa kuwa hatuwezi kuishi bila utani, utani uwepo: tawi la Msimbazi na tawi la Jangwani wapande miche kwenye eneo watakaloonyeshwa na wahifadhi, na baada ya mwaka ihesabiwe iliyo hai. Iliyopandwa kwa ajili ya picha haihesabiwi. Hapo tutajua nani bingwa, na hakuna refa wa kumlaumu. Azam nao wasibaki Chamazi, waje.

Kwa TFS, tunaomba mtutazame sisi wa kipato cha chini. Kiingilio cha makundi ya wakazi kiwe cha kumwezesha muuza maji wa stendi kuja na mwanawe. Vibao vya njia visomeke na viwe kwa Kiswahili. Vyoo viwepo, huduma ya kwanza iwepo, na kuwe na namba ya simu ambayo mtu akipiga anapokelewa. Mkitaka wananchi wawe walinzi wa msitu, wafungulieni mlango kwanza.

Kwa halmashauri na waendesha daladala, basi mbili za moja kwa moja kwenda getini Jumamosi na Jumapili asubuhi zingebadilisha mengi.

Anayeona hii ni ndoto aangalie kwa jirani. Msitu wa Karura, ulio ndani ya Nairobi, uliponea chupuchupu kugawiwa wajenzi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na vijana wa kukodiwa walipokwenda pale kupanda miti. Hawakurudi nyuma. Mwaka 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Leo Karura wanatembea wazee, wanakimbia vijana, familia zinapeleka watoto, na akitokea mtu wa kuugusa, jiji zima linasimama, maana kila mtu ana njia yake aliyoizoea mle ndani.

Nairobi walifika hapo kwa sababu walikuwa na watu waliokuwa tayari kuuma meno. Sisi mtaji wa watu tunao kuliko mtu yeyote. Hakuna chama wala taasisi inayoweza kukusanya watu Dar es Salaam kama Simba na Yanga. Nguvu hiyo tumeitumia kujaza uwanja, kuzomea makocha na kufukuza viongozi. Tuitumie mara moja kwa kitu ambacho hakina msimu wa usajili.

Kalenda ya FIFA ijayo haiko mbali. Mwenyekiti wa tawi, andika majina ya watu 25, panga na TFS, kubalianeni nauli. Saa 12 asubuhi Gongo la Mboto, jezi ya rangi yoyote inaruhusiwa.